Meno ya Marehemu

Alama ya meno ilikuwa palepale kwenye kipande cha jibini ya kuchoma, na meno yenyewe yalikuwa ya mtu aliyezikwa miaka miwili iliyopita.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa sabuni kabla hujalisoma, usihangaike, nakukumbusha. Umeme ulikatika kliniki. Fundi wa Meno, ambaye siku zote hula mchana kutoka kwenye kopo lake la plastiki, akaona leo ajipe raha. Akavuka barabara akaingia mkahawa mdogo wa pembeni, ule wa meza sita, wenye ubao wa chaki ulioandikwa: VYAKULA VYA MEDITERANIA, KAA UNAPOTAKA. Akaagiza. Akageuza shingo kutazama meza ya jirani. Hapo ndipo alipoiona ile alama.

Maana meno yale aliyatengeneza yeye.

Aliyemtengenezea alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, Mkaguzi wa Majengo. "Shemeji, usiniwekee meno ya tangazo la dawa ya mswaki," alimwambia siku ile. "Watu watajua nimenunua. Nipindishie moja." Naye akampindishia jino la pili kushoto. Alilainisha nta, akapinda, akapima, akapinda tena. Hakuna kinywa kingine chenye jino lile, na meno ya bandia si mwavuli kwamba utayaazima. Yametoka kinywa kimoja, hayakai kingine.

Sasa Mkaguzi alikufa. Gari lake lilitumbukia mtoni. Maiti ilipatikana siku ya kumi na tisa, haina sura, haina meno. "Mto umeyachukua," waliambiwa. Wakazika.

Leo yanakula jibini.

Mpishi, ambaye ndiye pia mwenye mkahawa na mhudumu, alikuja na kitambaa begani, akanyoosha mkono aondoe sahani.

"Usiguse!"

Mkono ukarudi kama umeungua. "Dada, chako kinakuja. Hayo ni makombo ya watu."

"Nani alikuwa amekaa hapa?"

"Mteja."

"Mteja gani?"

"Anayekula."

"Kaka yangu, nijibu kama mtu mzima."

Mpishi akalitazama koti jeupe la Fundi, lenye vumbi la plasta. "Wewe ni mtu wa afya? Umekuja kukagua jiko? Jiko langu ni safi, panya wenyewe wamelikimbia."

Fundi hakusema ndiyo, hakusema siyo. "Nijibu, nami sitakuwa na haja ya kuingia jikoni."

Hapo ulimi ukafunguka. Mteja yule huja kila Jumanne. Hukaa pale pale, mgongo ukutani, macho mlangoni. Kipara, ndevu mpaka kifuani. Samaki wa limau, jibini ya kuchoma, maji. Haongei, na akiongea sauti ni kama mlango wenye kutu.

"Ameondoka saa ngapi?"

"Kabla tu hujaingia. Alikuona dirishani ukivuka barabara, akasimama, akaniomba apite jikoni. Nikadhani wewe ni mkewe."

Amemwona, amemtambua, amekimbia. Marehemu gani anayewakimbia waliomlilia?

Kisha akaona jambo ambalo lilimpasa kuliona mwanzo. Meza ilikuwa na sahani mbili.

Kwenye sahani ya pili palikuwa na mkate wa duara uliomegwa, mbegu nne za zeituni, na saladi ya nyanya. Vitunguu vya kwenye saladi vilikuwa vimesukumwa vyote ukingoni, kimoja kimoja, kwa subira.

Dada yake hali vitunguu vibichi. Tangu utotoni.

"Na huyu wa pili?"

"Yule mama? Yupo msalani."

Mkahawa ulikuwa mwembamba kama korido, na mlango wa msala ulikuwa mwisho, karibu na jokofu la vinywaji. Maji yalisikika yakitiririka. Fundi akasimama katikati ya meza akiutazama.

Dada yake! Mjane aliyevaa nguo nyeusi mwaka mzima. Dada aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliyemsuka, aliyemfunga viatu. Dada huyo anaolewa Jumamosi hii na Mkandarasi, mtu aliyekuja msibani kama jirani mwema na hakuondoka tena. Leo hii alikuwa kwa fundi wa nguo, mtaa huu huu, akijaribu gauni. Au ndivyo alivyosema. Kumbe Jumanne zote hizi anakula samaki na marehemu?

Maji yakanyamaza. Kitasa kikazunguka.

Aliyetoka hakuwa dada.

Alikuwa mama mkwe wa dada. Mama mzazi wa Mkaguzi. Mama yule yule aliyeshikwa na wanawake wanne makaburini asijitupe shimoni.

Alikuwa anajifuta mikono taratibu. Akamwona Fundi, akaiona sahani mbele yake. Uso haukucheza hata kidogo.

"Mwanangu," alisema. "Salamu yangu iko wapi?"

"Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Chakula kinapoa."

Fundi akakaa. Ungefanya nini? Miguu ilikaa kabla yake. Mpishi akamletea alichoagiza: rojo zito la dengu lililotiwa mafuta ya zeituni katikati kama kisima, mkate wa moto, samaki mwenye limau tumboni. Akaweka haraka, akarudi nyuma ya kaunta, akaanza kufuta glasi iliyokuwa imeshafutwa.

"Mama, ulikuwa unakula na nani?"

"Peke yangu."

"Sahani ni mbili."

"Nina njaa mbili."

"Mama." Fundi akalisukuma lile pande la jibini kwa ncha ya uma mpaka katikati ya meza. "Meno haya ni ya nani?"

Bibi yule akainama, akaitazama ile alama kama mtu anayesoma tarehe kwenye chupa ya dawa. Kisha, bila haraka, akakichukua kipande kwa vidole viwili, akakitia kinywani, akatafuna.

Akatafuna! Ushahidi pekee duniani, akaula wote, akashushia na maji.

"Meno yapi?" akauliza.

Fundi aliitazama sahani tupu. Angepiga kelele angeonekana mwendawazimu, maana angewaambia nini watu? Kwamba mama mtu mzima amekula jibini mkahawani?

"Nilikuwa nakuheshimu, mama."

"Mimi pia nilikuwa nakuheshimu," bibi alijibu, na sasa sauti ilikuwa na makali. "Mpaka barua ilipokuja."

"Barua gani?"

"Usinifanye mtoto. Kula huo mkate, watu wasitutazame."

Fundi akamega mkate, akauchovya, akaula. Ulikuwa mtamu, na utamu wenyewe ulimuudhi.

Bibi akasogeza kiti. Akaanza kusema kwa sauti ya chini, macho yakiwa dirishani.

"Mwanangu hakutumbukia mtoni. Alisukumwa. Alikataa kutia saini jengo la shule, lile la ghorofa nne. Nguzo zilikuwa na nyufa unaingiza kidole. Akaandika ripoti, akapiga na picha. Wiki ile ile, darajani, lori likamgonga kwa nyuma mpaka akaangukia majini. Alinifikia saa kumi alfajiri, taya limevunjika. Nikamficha. Walikuwa wanamtafuta wahakikishe. Ilipopatikana maiti ile, nikaitwa kuitambua. Nikasema ndiye."

"Ukasema ndiye," Fundi alirudia.

"Nikasema ndiye. Ni mtoto wa mwanamke mwenzangu, simjui. Kila mwezi nampelekea maua, namwomba anisamehe. Yule nilimlilia kweli, usidhani nilikuwa naigiza."

Nje gari lilipiga honi. Wote wawili wakaruka.

"Kwa nini hamkumwambia dada?"

"Dada yako uso wake ni dirisha, kila kitu kinaonekana. Asingeweza kulia kwa uongo hata siku moja. Na mtu aliyemsukuma mwanangu alikuwa amekaa pale pale msibani, anatuhesabia machozi." Bibi akasogeza glasi ya maji. "Alibeba jeneza mbele, upande wa kulia. Jumamosi anamuoa mke wa mwanangu."

Fundi akauweka uma mezani.

Mkandarasi! Aliyemletea dada yake fundi wa bomba, aliyemrekebishia paa. Aliyekuwa kila wiki akijitolea kumpangia makabati, kumfungulia maboksi ya marehemu, "asiumie kuyaona."

"Anatafuta ripoti," Fundi alisema kwa mnong'ono.

"Anaitafuta miaka miwili. Watoto wanasoma ndani ya jengo lile mpaka leo. Sasa mwanangu aliposikia habari za harusi, akasema liwalo na liwe, nitamwandikia mke wangu. Barua akaituma kliniki kwenu, kwa jina lako, umpe dada yako mkononi. Maana wewe alikuamini."

"Sikupata barua yoyote!"

"Mbona ulijibu?"

Bibi akafungua mkoba, akatoa bahasha. Ilikuwa ya kliniki, ile yenye mchoro wa jino pembeni. Ndani karatasi moja, mistari miwili:

*Kaa huko huko ulikokufa. Usiandike tena kwangu.*

"Ndiyo maana amekukimbia," bibi alisema. "Tulipokuona ukivuka barabara tulijua umeshatuuza. Sasa niambie. Yule Mkandarasi amekupa nini? Au alikutisha?"

Kumbe! Muda wote huu Fundi alidhani yeye ndiye anayewinda, na kumbe kakaa kwenye kiti cha mshitakiwa. Akafungua mdomo ajitetee. Kisha akautazama mwandiko.

Herufi g ilikuwa na mkia uliopinda kama ndoano. Yeye pia huandika g hivyo. Alijifunza kwenye meza ya jikoni, ana miaka mitano, mkono wake umefunikwa na mkono wa dada yake. Lakini dada huikata t kwa mstari mrefu, unaovuka mpaka neno la pili. Fundi huikata fupi.

Mstari kwenye karatasi ulikuwa mrefu.

Dada anajua. Dada anajua mumewe yu hai, na kamwandikia abaki amekufa.

Fundi akaingiza mkono mfukoni, akaandika kwenye simu chini ya meza, bila kutazama vizuri: *Acha gauni. Njoo mkahawa mbele ya kliniki, sasa hivi, peke yako.* Akatuma. Kisha akainua kichwa. Alimwona bibi yule amekaa, mikono imeshika ukingo wa meza, akisubiri mtu wa kumchukia.

"Ni mimi," Fundi alisema. "Niliandika mimi."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Mwongo," ilisema sauti nyuma yake, sauti ya mlango wenye kutu.

Mkaguzi hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, amefungwa aproni ya Mpishi, kipara kikimeremeta jasho la jiko.

Fundi alimwangalia. Uso huu angepishana nao barabarani asiugeuzie shingo. Lakini mtu yule alipojaribu kutabasamu, jino la pili kushoto likachungulia, na machozi yakamtoka Fundi bila kuomba ruhusa.

"Shemeji, umezeeka," alisema.

"Nimekufa. Kufa kunazeesha." Akaja akakaa. "Mama, si yeye. Ni mke wangu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulijua? Ukaniacha nimchukie huyu mtoto wiki tatu?"

"Nilitaka umchukie mtu mwingine. Yule mwanamke mimi bado nampenda."

"Na kunikimbia je?" Fundi aliuliza.

"Sikukukimbia wewe. Nilikimbia maswali yako."

Bibi alimpiga mwanawe kofi la begani, kofi la kweli, kisha akauacha mkono pale pale, akalishika lile bega.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo.

Dada aliingia anahema. Juu alikuwa amejifunga kanga, chini gauni jeupe lisilo na pindo, limejaa pini, mkono mmoja wa gauni umeshikizwa kwa uzi mwekundu. Akaona meza ile. Akasimama.

Hakuzimia, msomaji wangu. Hakupiga yowe. Alimtazama yule mzee wa ndevu kwa muda mrefu, kisha akaenda moja kwa moja kama mtu anayerudi nyumbani kwake, akakaa kando yake, akaanza kumgombeza kwa sauti ya chini.

"Nilikuandikia ukae ulikokufa. Hukusoma?"

"Nilisoma."

"Barua yako niliikuta mezani kwa mdogo wangu, ameenda kuchota plasta. Mwandiko wako ningeuacha? Yule mtu anasoma simu yangu, anafungua droo zangu. Ningeandika nini zaidi? Ningeandika njoo, angekuua mara ya pili. Maiti hauawi. Nilitaka uwe maiti."

"Na harusi?"

"Ripoti niliipata mwaka jana, ndani ya pasi mbovu uliyokataa tuitupe. Iko kwa mwanasheria. Jumamosi, watu wote wakiwa ukumbini, wakubwa wote aliowaalika, ndipo..." Akakatiza. "Nani aliniita hapa? Nani aliniandikia ujumbe kwenye simu?"

Fundi akaugusa mfuko wenye simu. *Anasoma simu yangu.*

"Kumbe ndiyo hapa!"

Mkandarasi alikuwa mlangoni, shati limepigwa pasi, miwani ya jua juu ya kichwa, meno yote nje. "Nakusubiri garini, fundi wa nguo ananiambia bibi harusi katoka mbio na pini matakoni. Heh! Na mama yupo. Shikamoo, mama. Shemeji naye. Mnakula bila mimi?"

"Marahaba," bibi alisema. Sauti haikutetemeka. Mwanamke yule angeweza kuuza barafu kwenye tanuri.

Mkandarasi akaja mpaka mezani. Akasimama juu ya Mkaguzi. "Na huyu bwana? Sijapata kumfahamu."

Sekunde moja ikapita. Mkaguzi alichovya mkate mzima kwenye rojo la dengu, akajaza mdomo asiweze kusema neno. Dada alikuwa mweupe kuliko gauni. Yule mwenye uso wa dirisha! Bado kidogo tu Mkandarasi angesoma kila kitu usoni mwake.

"Ni mchumba wangu," Fundi alisema.

"Mchumba?" Mkandarasi alicheka. "Wewe? Miaka yote tunakuambia utaolewa na plasta!"

"Ndiyo maana nilificha. Leo nilitaka mama amwone kwanza, kisha dada. Ni mpishi. Mkahawa huu wanaendesha wawili."

Nyuma ya kaunta Mpishi aliiweka glasi chini. "Mwenzangu huyo," alisema. "Ana mkono mzuri wa samaki."

Mkandarasi akanyoosha mkono. Mkaguzi akaufuta wake kwenye aproni, akaupokea, akatikisa kichwa, anatafuna.

"Haongei akila," bibi alisema. "Ndicho nilichompendea."

"Hongera sana, kaka!" Mkandarasi alimpiga mgongoni. "Basi Jumamosi tungefunga mbili kwa mpigo. Sogeeni, sogeeni, hii lazima niipige picha."

"Nina pini," Dada alisema. "Siko vizuri."

"Uko vizuri kuliko wote. Shemeji mpya, tabasamu basi."

Simu ikainuliwa. Ikalia *klik*. Fundi akashusha pumzi iliyokuwa imekaa kifuani tangu mlango ulipofunguliwa. Yamepita. Kipara, ndevu, aproni: nani angemjua?

Mkandarasi aliitazama picha akicheka bado. Akaweka vidole viwili kwenye kioo, akaikuza. Akaisogeza chini kidogo. Akaikuza tena.

Fundi alinyoosha shingo akaona anachokitazama. Haikuwa sura ya mgeni. Ilikuwa sehemu ya chini ya picha, kati ya chupa ya mafuta na sahani ya samaki, ambapo mkono wa Dada, wenye pete aliyomvisha Mkandarasi mwenyewe, ulikuwa umeushika mkono wa yule mchumba wa uongo, vidole vimesukana kabisa. Hata sasa ulikuwa bado umeushika. Dada mwenyewe hakujua.

Mkandarasi akazima simu, akaitia mfukoni. Akaenda mlangoni bila haraka, akakigeuza kibao cha WAZI kikatazama ndani, akasukuma komeo.

"Bwana mwenye mkahawa," alisema, mgongo bado umewageukia. "Nenda kapumzike. Mmefunga."